Ziara ya chakula na mitaa ya kale ya Lamu: uzoefu wangu

Mji wa kale wa Lamu unaweza kuuzunguka mwenyewe bila kumlipa mtu. Vichochoro ni vingi na vinafanana, lakini ukifuata mteremko utatokea pwani tu, na ukishafika pwani umeshajua uliko. Kwa hivyo kabla ya kulipia ziara ya nusu siku ya chakula na mitaa, nilijiuliza nalipia nini hasa. Jibu nimelipata: unalipia kuingizwa majumbani. Chakula kizuri cha Lamu hakipikwi mikahawani, kinapikwa na akina mama nyumbani kwao, na mgeni anayepita njiani haoni ila ukuta mrefu na mlango uliofungwa.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa Mombasa, na nilikwenda na shangazi yangu aliyepikia harusi za watu miaka yote ya utu uzima wake. Mahamri na mbaazi kwetu si jambo la kustaajabia, na shangazi si mtu wa kusifu jiko la mtu mwingine kwa adabu tu.

Tulikutana na kiongozi wetu asubuhi mapema pale Mkunguni, mbele ya ngome. Ni kijana wa mtaa wa Mkomani, mpole, akamwamkia shangazi vizuri kabla ya kusema neno lolote la kazi. Maelezo yake ya ngome yalikuwa mafupi na yenye faida: ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikatumika kuwa jela hadi 1984, na ilipojengwa ilikuwa karibu kabisa na maji. Majengo yaliyo mbele yake leo yamesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Ndia Kuu, njia yenye maduka na misikiti, imejificha nyuma badala ya kukaa ufukweni.

Sokoni hatukukaa sana. Tukaingia vichochoro vya mtaa wa Langoni tukala mahamri kwenye baraza ya nyumba moja, yametoka kwenye karai wakati huo huo, unga umekandwa kwa tui na iliki haikuonewa choyo. Mbaazi zake zilikuwa nzito, hazikuogeleshwa. Shangazi alikula kimya, na kwake hiyo ni sifa.

Mkate wa mofa ndio uliotusimamisha. Mjini kwetu huuona mara chache siku hizi. Mama mmoja alikuwa na mofa yake, yaani tanuri ya udongo, uani, makaa yamekolea chini. Alichukua donge la unga, akalitandaza kwa viganja vilivyoloweshwa maji, akainama na kulibandika ukutani mwa mofa kwa pigo moja, kisha akatoa mkono kabla moto haujamwahi. Mkate ukifika kiasi chake unaanza kuachia ukuta kwenye kingo, na hapo anaubandua. Ukiula wa moto, nje umekauka na una harufu ya moshi, ndani ni laini. Tulipewa na mchuzi wa samaki. Kwa mkate huo peke yake ningerudi Lamu.

Kutoka hapo tulipanda kuelekea Mkomani, ambako nyumba za mawe ndizo za kale zaidi. Kiongozi alitusimamisha chini ya wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, akatuonyesha boriti za mikoko darini. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na ndio maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu: upana wa chumba hauwezi kuzidi boriti. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukipita dakani, kile kibaraza cha mlangoni, na kuingia ndani unahisi jua limebaki nje.

Nyumba tuliyoingia inakaliwa na familia, na hilo lilinifurahisha kuliko makumbusho yoyote. Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na thamani yake kubwa ni kwamba bado ni mji wa watu, mna watoto wanaotumwa dukani na nguo zimeanikwa. Bi mwenye nyumba alituonyesha zidaka za plasta ukutani, vile vishimo vya kuwekea vitu, na birika la maji chooni lenye visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Halafu tukapanda ngazi hadi juu kabisa, kwenye kidari cha meko. Jiko huwekwa juu ili moshi na joto viondoke na upepo, visishuke vyumbani.

Hapo ndipo shangazi alipoacha kuwa mgeni. Alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, Bi akakamua kwa kifumbu. Samaki alikuwa changu, amechanjwa na kutiwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, kisha akachomwa kwenye makaa. Shangazi akauliza, "Bi, tui zito unalipika kwanza au unapaka bichi?" Akajibiwa, "Nalipika na ukwaju mpaka linate, mwanangu. Bichi litakudondokea makaani lote." Akawa analipaka kidogo kidogo, anamgeuza samaki, anapaka tena, mpaka ngozi ikashika rangi ya dhahabu yenye madoa meusi. Tulimla kwa wali wa nazi na achari ya embe. Wawili hao walizungumza hadi kiongozi akaanza kutazama saa, na namshukuru kwamba hakutukatiza.

Sasa yasiyonipendeza. Baada ya mlo tulipelekwa kwenye duka la vinyago na mapambo ya fedha ambalo halikuwa kwenye ratiba, tukawekwa pale muda mrefu, na muuzaji hakutaka kuelewa kwamba hatununui. Muda huo ungetutosha kwenda kuutazama Msikiti wa Riyadha, alioanzisha mwanachuoni Habib Swaleh, tuliokuwa tumeahidiwa na tukaukosa. Pili, bei tuliyoambiwa haikufafanua kwamba mlo wa nyumbani unalipiwa kando. Fedha yenyewe haikuwa nyingi na Bi aliistahili mara mbili, ila mtu aambiwe mapema. Pia, mitaro ya maji machafu hupita wazi katika vichochoro kadhaa na punda hawachagui pa kuchafua. Mwenye mzee asiyeona vizuri amshike mkono.

Jioni tulitoka wenyewe, na kwa jioni humhitaji kiongozi. Baada ya swala ya isha pana watu wa mishkaki, viazi karai vya ukwaju, bajia na kaimati, na bei zao ni za wenyeji. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa, na kipande cha halwa, ilitugharimu kidogo sana.

Kwa anayefikiria kwenda: ukija kwa basi utashukia Mokowe uvuke kwa mashua, ukija kwa ndege utashukia Manda uvuke vilevile. Vaa nguo ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, na usimpige mama picha kabla hujamwomba. Ramadhani chakula cha mchana hakiuzwi hadharani, lakini futari yake ina vitu ambavyo miezi mingine huvioni. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa.

Naipa ziara hii nyota nne kati ya tano. Inamfaa zaidi mtu anayependa kupika, au anayesafiri na mzazi wake. Kama haja yako ni kuona milango ya nakshi na kupiga picha, nenda makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili kisha utembee mwenyewe, utaridhika. Ukiamua kulipia, mwambie kiongozi mambo mawili mnapopatana: dukani hamwendi, na mapishi yaanze mapema, kabla jua la saa sita halijafika kwenye kidari cha meko.