Hachi zimeharibika, AUDIT inasema makosa 0

Programu hii ya kuchorea ramani kwenye kompyuta naitumia mwaka wa nne sasa. Kwenye mistari, vipimo na kuchapa sina neno nayo. Tunagombana kwenye hachi, yaani ile mistari ya kujazia eneo, kama tofali ndani ya ukuta.

Juzi nilikuwa namalizia ramani ya nyumba ya Kigamboni, mteja aipeleke manispaa asubuhi kuombea kibali cha ujenzi. Usiku nafungua faili, hachi za tofali zimevurugika kuta zote. Mistari imekatika vipande kama mkeka uliogugunwa na panya, na ukuta mmoja wa jikoni hachi haionekani kabisa, ingawa ukipitisha kishale inashikika.

Nikapiga AUDIT, amri ya kukagua makosa ya faili, ilipouliza kama irekebishe nikajibu Y. Makosa 0. Nikafunga, nikaifungua kwa RECOVER, amri ya kuokoa faili lililoharibika: yaleyale. FILLMODE, swichi ya kuonyesha ujazo, iko 1, kwa hiyo sikuwa nimezima ujazo kwa bahati mbaya. Nikafuta hachi ya sebuleni nikaweka mpya, nayo ikaja mbovu vilevile. Hiyo ndiyo iliyonifumbua macho: kama hata mpya inaharibika, faili halina ugonjwa.

Jioni ile nilikuwa nimeihamishia nyumba kwenye bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) za mpima ardhi, ikae mahali pake halisi. Namba za UTM (mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita) za Dar es Salaam, kanda ya 37 kusini, kwa upande wa kaskazini zinazidi 9,200,000 kwa mita. Mimi nachora kwa milimita, kwa hiyo ongeza sufuri tatu. Hachi, usipoiambia vingine, hupanga mistari yake kuanzia 0,0, yaani sifuri ya mchoro. Kwa umbali huo desimali za kompyuta zinaishiwa pumzi, na tofali la milimita 230 halina pa kushika.

Dawa ilikuwa HPORIGIN, mpangilio wa kuchagua hachi ianzie wapi: nikabofya kona ya ukuta, nikaweka hachi upya, ikatulia. Za zamani nilizipitia kwa HATCHEDIT, amri ya kuhariri hachi, nikizibadilishia mahali pa kuanzia, kazi ya dakika 20 hivi. Ile ya jikoni ilikuwa imepoteza mpaka wake. Nikaiambia iuunde upya, nikaifuta, nikajaza tena.

Nyota 3 kati ya 5. Vifaa vya kurekebisha vimo vyote, na vinafanya kazi. Ya nne ningeitoa kama AUDIT ingekuwa na mstari mmoja tu wa kuniambia mchoro uko mbali na sifuri, nisingekaa hadi saa nane usiku nikiwasingizia virusi.