Uzoefu wangu: kifyonza vumbi chepesi cha betri kwa mikono ya uzeeni

Nina miaka 68, ni muuguzi mstaafu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nyumba yangu ina marumaru kila mahali isipokuwa sebuleni, ambako nimetandika zulia. Barabara inayopita mbele haina lami. Anayeijua mitaa yetu wakati wa kiangazi hahitaji maelezo: ukifuta meza asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake. Kwa sasa nasafisha kwa kifyonza vumbi cha betri, Makita DCL182, na ninaandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, na kwa watoto wao wanaotaka kuwanunulia wazazi, kwa sababu sifa nyingi zinazotajwa kwenye matangazo ya mashine hizi hazimhusu mtu ambaye viganja vyake vinauma.

Nianze na mkono, maana ndio uliochagua. Nina yabisi kwenye kiungo cha chini kabisa cha dole gumba, mikono yote miwili, wa kulia zaidi. Ni maradhi ya kawaida sana kwa wanawake waliopita ukomo wa hedhi, na niliwahudumia wengi kabla hayajanifikia mimi. Kiungo kile kina tabia yake. Ukibana kitu kwa ncha za vidole, hata kwa nguvu kidogo, mzigo unaofika chini kwenye kiungo huwa mkubwa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kubeba kapu la sokoni lililoning'inia mkononi bila shida, halafu akashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Mashine inayokudai ubane ni mbaya kwako hata ikiwa nyepesi. Hilo dukani hutaambiwa.

Mgongo nao una maneno yake. Fagio la chelewa nalipenda na uani hakuna kinacholishinda, lakini linataka uiname. La plastiki lenye mpini mrefu halikuinamishi, ila linarusha vumbi, na mjukuu ninayeishi naye ana pumu. Vumbi laini likisharuka hukaa hewani muda mrefu, na anayelivuta ni yeye. Kuna wanaoniuliza kwa nini nisimwachie dada wa kazi. Huyo yupo, anafua, anapika, ananisaidia mengi. Lakini kusafisha chumba changu, kitanda changu na sebule yangu ni mwendo ambao sitaki kuuacha. Wodini nimewaona wengi walioanza kudhoofika siku walipofanyiwa kila kitu.

Mashine ya aina hii niliishika kwanza Leicester, Uingereza, nilipomtembelea binti yangu. Nyumba za kule zina mazulia mpaka kwenye ngazi. Yake ilikuwa ya kampuni kubwa, na kwa kazi sina neno nayo: brashi yake ilikuwa inazungushwa na mota, ikatoa kwenye zulia vumbi ambalo nisingedhani limo. Ila ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3, na karibu wote uko juu, mkononi: mota, betri, chombo cha taka. Tena lazima kidole kiendelee kubana kifyatulio muda wote, ukiachia, inazima. Hiyo inatunza chaji, na kwa binti yangu si tatizo. Mimi nilipofika nusu ya sebule dole gumba lilikuwa limekaza.

"Mama, leta nimalizie," akasema.

Nikampa. Lakini tangu hapo nilijua ninachokitafuta: kitufe cha kubonyeza mara moja na kuachia, uzito usiofika kilo 2, na mfuko ambao naweza kuutoa bila kupambana nao.

Kuhusu uzito nieleze zaidi kidogo. Namba iliyoandikwa kwenye boksi haikuambii uzito umekaa wapi. Zipo mashine ambazo mota iko chini karibu na sakafu. Hizo sakafu ndiyo inayobeba, mkono unasukuma tu. Nyingine mota iko juu ya kiganja, na ukinyoosha mkono ni kama kushikilia ndoo mbali na mwili. Ya chini ni raha unapotembea chumbani, lakini ukitaka kuiinua kutoa utando wa buibui kwenye kona ya dari, uzito wote unaning'inia kwenye ncha. Ya juu ina faida ya kuinuka, basi iwe nyepesi kwelikweli. Kampuni ya Miele imetengeneza mashine iitwayo Triflex, ambayo sehemu ya mota unaweza kuihamisha, ikae juu au chini kulingana na kazi. Nadhani hao walimfikiria mtu wa umri wangu, ingawa ukijumlisha kila kitu inavuka kilo 3.

Kariakoo nilizunguka sana. Kijana mmoja muuzaji, mwenye adabu, alinipokea vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kifyonza vumbi cha betri, lakini nikishike kwanza."

Akanitolea moja na kuanza kunisomea paskali. Hii elfu kumi na tano, ile elfu ishirini na tano, mama hii inavuta mpaka mchanga. Ni vizuri ujue namba hiyo ina maana gani. Paskali zinapima nguvu ya mvuto mdomo ukiwa umezibwa, wakati hewa haipiti. Vumbi linabebwa na hewa inayopita. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa na paskali nyingi kwenye boksi na bado ikaacha mchele sakafuni. Kipimo kinachojumlisha mvuto na mtiririko wa hewa ni wati za hewa, na mashine nyingi za bei nafuu hazikitaji kabisa. Mimi nilimwomba amwage njiti za kiberiti na mchanga kidogo kwenye marumaru. Akakubali. Palepale nikaona ipi inafyonza na ipi inasukuma mchanga mbele.

Nilichonunua sikukipata kwenye duka la vyombo vya nyumbani. Mpwa wangu ni fundi wa aluminiamu, ana drili ya Makita, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba wanatengeneza pia vifyonza vumbi vinavyotumia betri hizohizo za volti 18. Tukaenda kwenye maduka ya zana za mafundi, upande wa Gerezani. DCL182 ni fimbo nyeupe isiyo na mbwembwe. Pamoja na betri ndogo haifiki kilo 2. Inawashwa kwa kitufe; unabonyeza, unaachia, inaendelea, na kidole kinabaki huru. Mpini unaushika kwa kiganja kizima, hakuna mahali pa kubana. Nilipoiinua hadi usawa wa bega na kubaki nayo pale huku mpwa wangu akipatana bei, mkono haukulalamika.

Sasa betri, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Makita huuza mashine nyingi mwili mtupu. Ukiona herufi Z mara baada ya namba, kama DCL182Z, ndani ya boksi hakuna betri wala chaja, na muuzaji asiye mwaminifu atakuacha uifikishe nyumbani ndipo ugundue. Pili, betri hizo zina ukubwa tofauti. Ile nyembamba ya 1.5 au 2.0 Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) ina seli 5 ndani. Zile za 3.0, 5.0 na kuendelea zina seli 10, safu mbili, kwa hiyo ni nzito zaidi. Muuzaji atakushauri ya 5.0 kwa sababu inakaa na chaji muda mrefu. Kwa fundi ni sawa. Kwa mkono wenye yabisi chukua nyembamba mbili, moja ifanye kazi nyingine iwe kwenye chaja. Moja inanimalizia vyumba vya kulala na korido kwa nguvu ya kawaida, na kwa hapo mimi mwenyewe nataka kukaa kidogo.

Betri inatoka kwa kubonyeza kitufe chake na kuitelezesha. Mimi naweka mashine mapajani, nabonyeza kwa kiganja cha kushoto, navuta kwa mkono wa kulia. Jaribu hilo dukani kabla hujalipa, kwa sababu utalifanya kila mara.

Umeme ukikatika naendelea na kazi, na hili kwa Dar si jambo dogo. Waya nao haupo. Waya unaotambaa sakafuni ni mtego kwa mtu wa umri wetu. Mguu unanasa, nyonga inavunjika, na nyonga iliyovunjika ukiwa na miaka 70 inabadilisha maisha. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuhalalisha bei ya betri. Sihitaji hata kuinama nyuma ya kochi kutafuta soketi.

Jirani yangu aliagiza yake mtandaoni, nzuri ya kutazama, ina taa za rangi. Betri imejengewa ndani. Ilipochoka hakupata nyingine popote, na mashine imekaa kona ya stoo. Basi uliza mapema: betri inatoka? Inauzwa peke yake hapa nchini? Na kama unavutiwa na vyombo vya mtumba kutoka Japani, tazama chaja imeandikwa nini. Umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Iliyoandikwa 100V peke yake utaichoma siku hiyohiyo. Kwa watoto walioko nje wanaotaka kuja nayo: betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kwenye begi la kukabidhi uwanja wa ndege, isafiri kwenye begi la mkononi, na sehemu zake za chuma zinazopitisha umeme zifunikwe. Hapa nyumbani iwekwe kivulini. Joto linaua betri hizi, kwa hiyo isilale ndani ya gari wala kwenye dirisha linalopigwa na jua.

Kumwaga taka. Mashine nyingi zina chombo cha plastiki ambacho unafungua na vumbi linaanguka ndoo ya taka, na sehemu yake inapanda usoni. DCL182 inatumia mfuko, wa kitambaa unaofuliwa au wa karatasi unaotupwa. Wa kitambaa unaokoa pesa, lakini lazima uukung'ute, na kwa sababu ya mjukuu mimi natumia wa karatasi: unafungua mfuniko wa mbele, unavuta, unatupa, basi. Ni midogo, inajaa haraka kiangazi, kwa hiyo nanunua mingi kwa mpigo. Chujio lolote ukiliosha liache likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Wakati wa masika siku nzima haitoshi. Mimi naliachia siku mbili.

Kuna kazi moja iliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Vumbi la juu ya kabati, juu ya pelmeti za mapazia, na kwenye mabawa ya panga boi nilikuwa nalifikia kwa kupanda kigoda, jambo ambalo kama muuguzi nawakataza wazee wenzangu wote. Sasa nazima panga boi, nachomeka mdomo mwembamba kwenye bomba, nasimama sakafuni na kunyoosha mkono. Vumbi la mabawa linatoka kwa utepe mzito wa kijivu, unaliona likiingia. Chini ya kitanda nako inapita, na taa yake ndogo ya mbele inanionyesha kilichojificha bila kupiga magoti.

Isichofanya nikiseme waziwazi. Haina brashi inayozungushwa na mota, kwa hiyo kwenye zulia nene inachukua yaliyo juu: makombo, nywele, mchanga uliolegea. Uliozama hauvutwi. Zulia langu la sebuleni ni jembamba, na bado kuna siku vijana wanalitoa nje, wanalining'iniza ukutani na kulipiga. Pia haisimami yenyewe. Ukiiegemeza ukutani inateleza. Mpwa wangu alipigilia ndoano kwenye usawa wa kiuno changu, karibu na soketi ya chaja, na hapo ndipo inapokaa.

Kwa hiyo mwenye marumaru, saruji au mkeka, na mikono kama yangu, ninaipendekeza bila kusita. Mwenye mazulia mazito nyumba nzima, kama ndugu zetu wa Maskati au watoto wetu walioko Ulaya, haitamtosha. Huyo atafute yenye brashi ya mota lakini iwashwe kwa kitufe badala ya kifyatulio. Dyson V12 Detect Slim ina kitufe, na uzito wake ni kama kilo 2.2. Bei yake ni kubwa, na vipuri vyake hapa Dar vinahitaji kuulizwa kabla, si baada. Aishike mwenyewe anayekwenda kuitumia, ainyanyue mpaka begani, afungue chombo cha taka na kukifunga mbele ya muuzaji, na aliyemsindikiza asimsaidie.