Mpiga besi wa Malindi anunue nini kwanza: DI, iafoni za steji na vingine, kwa mpangilio

Wapiga besi wenzangu wa huku pwani swali ni lile lile, nina elfu kumi au nina elfu thelathini, nichukue iafoni gani za kusikilizia steji. Swali zuri, lakini watu wengi wanalianzia katikati. Mwimbaji akisikia sauti yake tu ameridhika, sisi tunatafuta kitu ambacho iafoni nyingi hazikibebi. Uzi wa E mtupu kwenye besi ya nyuzi nne unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na ukiwa na nyuzi tano ile B inashuka mpaka 31. Huko chini ndiko iafoni mbovu inakufa kimya kimya, unabaki kusikia kidole kikigusa uzi lakini noti yenyewe huisikii, halafu unapiga kwa nguvu, mkono unachoka mapema, na wimbo unaanza kukimbia maana mpiga ngoma anakufuata wewe.

Kwa hivyo nimepanga kulingana na kile kitakachokusaidia zaidi kwa pesa utakayotoa, na nimefikiria steji zetu hasa, hoteli za ufukweni za hapa na Watamu, harusi za mjini, kanisani kwenye kesha, sehemu zenye stima ya kubahatisha na hewa ya chumvi.

Namba moja kwenye orodha yangu sio iafoni kabisa, ni DI, kile kikasha kidogo kinachokaa kati ya besi na miksa. Najua ulitaka kusikia iafoni, ningoje kidogo. Ukichomeka besi moja kwa moja kwenye miksa kwa waya wa jeki, pikapu za besi hazipatani na lile tundu, sauti inakuwa nyembamba, na waya ukiwa mrefu unaokota kelele njiani. DI inabadilisha ile ishara iwe ya kupita kwenye waya wa XLR, ule wa maikrofoni wenye pini tatu, hadi kwa fundi wa sauti bila kuchafuka. Sasa fikiria, kama sauti inayoingia kwenye miksa ni mbovu, hata ukivaa iafoni ya laki moja utasikia ule ubovu vizuri zaidi, basi.

Kuna DI za aina mbili, zile zinazotumia umeme na zile zisizotumia. Kama besi yako haina betri ndani, yaani ni ya kawaida kama Precision za Fender za zamani, chukua ile inayotumia umeme. Kama besi yako ina betri ya volti 9 ndani, hata ile isiyotumia umeme itakufaa. Ya bei nafuu ninayoipendekeza bila wasiwasi ni Behringer DI100, inakubali betri ya volti 9 au zile volti 48 zinazotoka kwenye miksa, ina bodi ya chuma, na ina swichi ya kukata muungurumo. Ukiwa na pesa zaidi Radial J48 ni kitu cha kukaa nacho maisha. Na kama unapiga kwenye hoteli ambako miksa unaikuta tu hapo na fundi humjui, SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21 inakupa sauti yako uliyoizoea popote utakapokwenda, hiyo kwangu ina thamani kuliko ampu nyingi.

Ile swichi ya kukata muungurumo ndugu yangu ijue ilipo hata gizani. Huku tunapigia jenereta, tunapigia soketi ambayo hujui waya wa ardhi uliishia wapi, ukichomeka tu unasikia ule mmmmm hauishi. Bonyeza swichi kwenye DI. Usikubali mtu akung'olee ule mguu wa juu wa plagi ati ndio dawa, ule mguu ndio unaokulinda usipigwe shoti, na wewe umeshika nyuzi za chuma mkono umelowa jasho. Hapo sina utani kabisa.

Namba mbili, iafoni zenyewe. Kwenye maboksi utaona wameandika vispika vinne ndani, vitano, kumi na mbili, na muuzaji atakwambia vikiwa vingi ndio vizuri. Kwa mpiga besi usiongozwe na hesabu hiyo. Kinachoamua ni mambo mawili, kwanza kama iafoni imeziba sikio sawasawa, pili kama kile kispika cha chini ni cha dainamiki, kile chenye kiwambo kinachosukuma hewa. Vile vispika vidogo vinavyoandikwa BA, yaani balanced armature, vina usafi mzuri juu na katikati, waimbaji na wapiga kinanda wanavipenda, lakini kwa ule uzito wa chini kimoja cha dainamiki kilichokaa vizuri sikioni kinanitosha kuliko BA tatu.

Na kuziba ndio kila kitu. Pakiwa na mwanya mdogo tu kati ya kizibo, ile ncha laini ya iafoni inayoingia sikioni, na sikio, besi yote inatoka nje, inabaki juu peke yake. Wengi wanaosema iafoni fulani haina besi ukiangalia walivyovaa unaona tatizo liko wapi. Chukua kile kizibo cha sponji, kifinyange kwa vidole viwili mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, ingiza, halafu kishikilie kwa kidole usikiachie mpaka sponji ifure ndani, kama nusu dakika. Utasikia dunia inafungwa polepole. Sasa piga E mtupu huku ukiibonyeza iafoni ndani kidogo kwa kidole, kama besi inaongezeka ukibonyeza basi saizi ya kizibo ni ndogo, badilisha. Na usishangae sikio la kulia likataka saizi tofauti na la kushoto, ni kawaida.

Kwa mpangilio, kama bajeti inakuruhusu nakwambia Shure SE215. Kispika kimoja cha dainamiki, waya unazungushwa nyuma ya sikio, waya unachomoka na kubadilishwa, na wenyewe Shure wanasema inazuia kelele za nje hadi desibeli 37. Huko Marekani inacheza kwenye dola 100, hapa kwetu ongeza usafiri na kodi, VAT peke yake ni asilimia 16. Si iafoni ya kung'aa, juu imefunikwafunikwa kidogo, lakini kwa mpiga besi aliyesimama kando ya ngoma ni sawa kabisa.

Inayofuata ni KZ, hizi za Kichina, ZSN Pro au ZS10 Pro. Zote zina dainamiki moja ya chini kisha BA juu, moja kwa ZSN na nne kwa ZS10. Kwa bei yake sijaona kitu cha kuzishinda, na kijana anayeanza kanisani sioni kwa nini ajinyime mpaka apate za bei kubwa. Kasoro ni kwamba vizibo vinavyokuja nazo ni vya raba nyepesi, nunua vya sponji siku hiyo hiyo, na juu zina ukali kidogo, matoazi yatakuchoma kama uko karibu nayo. Sennheiser IE 100 Pro nayo ni ya dainamiki, ni nyepesi na nyembamba, ukivaa shoo nzima sikio haliumi, ningeiweka sambamba na Shure, ila kabla ya kununua hakikisha spea ya waya utaipata wapi.

Zile za BA tupu kama SE425 ni nzuri, sizikatai, lakini pesa ile kwa besi ungeipeleka kwingine. Za kuchongwa kwa umbo la sikio lako ni raha ya pekee, zinaziba kila siku sawasawa, ila zinataka mtu wa kukuchukulia umbo la sikio na zinataka pesa, hizo ziache mpaka muziki ukulipe.

Za Bluetooth usijaribu kwenye steji. Sio ubora, ni kuchelewa. Sauti hewani inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, ukisimama mita 3 kutoka kwenye spika umechelewa kama milisekunde 9 na hapo mwili umezoea. Bluetooth za kawaida zinachelewa zaidi ya milisekunde 100. Unapiga noti, inakufikia baadaye, unaanza kuisubiri, na bendi nzima inayumba.

Namba tatu ni kile kikasha cha mkandani kinachopeleka sauti kwenye iafoni, na hapa ushauri wangu ni nunua cha waya. Kila mtu anataka wayalesi, naelewa, lakini jiulize wewe mpiga besi unatembea wapi? Umesimama kando ya ngoma, waya wa besi unao tayari, ongeza mwingine ufungane nao kwa tepu. Behringer P2 ni kidogo kama kiberiti, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, unaingiza waya wa XLR kutoka AUX ya miksa, lile tundu linalotoa mchanganyiko wako peke yako, kwisha. Kina swichi ya mono na stirio, ukisikia upande mmoja tu usimgombeze fundi, angalia ile swichi kwanza, iwe kwenye mono. Na betri beba za ziada mfukoni, kila shoo.

Muombe fundi akuwekee limita, kile kinachozuia sauti isipande kupita kiasi, kwenye ile AUX yako. Miksa za kisasa kama Behringer XR18 inazo, na ina AUX 6, na kila mpigaji anaweza kujipangia sauti yake kwa simu bila kumsumbua mtu, kwa bendi za hoteli hiyo miksa imeokoa ugomvi mwingi. Ila ile Wi-Fi yake ya ndani ni dhaifu, wekeni ruta ya pembeni. Kama miksa ni ya zamani isiyo na limita, anza na sauti chini kabisa na usiongeze mpaka mtu amalize kuchomeka maikrofoni, maana mlio wa ghafla ukiingia kwenye sikio lililozibwa hauna pa kutokea.

Wayalesi ni namba nne kwangu, kwa mwenye kuhitaji kweli. Xvive U4 ni rahisi kutumia, betri inachajiwa na inakaa karibu saa tano, lakini inatumia 2.4 GHz, mawimbi yale yale ya Wi-Fi, na hoteli ikijaa wageni kila mmoja na simu yake unaweza kusikia inakatikakatika. Za UHF, masafa tofauti na yale ya Wi-Fi, kama Shure PSM300 ziko imara zaidi. Hapo sasa angalia masafa yaliyoandikwa nyuma kabla hujalipa, hasa za mtumba kutoka nje, kwa sababu Marekani masafa ya 600 MHz yalinadiwa kwa kampuni za simu mwaka 2017 na vifaa vingi vya zamani vikauzwa kwa bei ya kutupa. Hapa kwetu mwenye kuruhusu masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, uliza kwanza.

Mwisho ampu ndogo, maana iafoni haikupi ule mtikisiko wa kifuani na kuna watu bila huo hawapigi vizuri. Fender Rumble 40 kando ya mguu, sauti ya chini, ina XLR ya kwenda kwenye miksa, inatosha. Ukiwa nayo hiyo hata DI unaweza kuahirisha kwa muda.

Masikio sasa, na hili naliongea kutoka moyoni kwa sababu nawajua watu wa rika langu ambao sikio linalia usiku kucha halinyamazi. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inasema desibeli 85 mwisho ni muda wa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 ni dakika 15 tu. Ngoma za karibu zinafika huko bila shida. Faida ya iafoni zinazoziba ni kwamba unaweza kusikiliza chini. Ukitoa moja ili usikie watu wanavyoshangilia umeiharibu faida yote, kwa sababu ile iliyobaki utaipandisha bila kujua. Kama unajihisi umefungiwa, omba maikrofoni moja ielekezwe kwa watu, ukaiweke kidogo kwenye mchanganyiko wako.

Na hii hewa yetu. Kusi likivuma wewe uko kwenye steji ya ufukweni, chumvi inaingia kila mahali, jeki zinaota ukijani mwezi haujaisha. Ukimaliza shoo futa iafoni kwa kitambaa kikavu, chomoa waya mara moja moja ufute pale unapochomekwa, weka kwenye kikopo kinachofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Betri usiziache ndani ya kifaa. Ndio maana nasisitiza iafoni yenye waya unaochomoka, waya ndio unaokufa kwanza.

Kununua, Mombasa vitu vingine utapata, Luthuli Avenue kule Nairobi kuna zaidi na wanakutumia kwa basi mpaka hapa. SE215 feki zipo nyingi, bei ikiwa nusu ya kila mahali jua kuna sababu. Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa muombe muuzaji akupigie simu ya video, akuonyeshe boksi, namba ya kifaa na saizi za vizibo zote zikiwa ndani, achomeke upande wa kulia na wa kushoto ulie kila mmoja. Akianza kukuharakisha ulipe kwanza, tafuta duka lingine.