Raba za jogging kwa mtu wa kazini: soma umri wa soli kabla ya kuuliza bei

Wasomaji wamenijazia simu kwa malalamiko ya aina moja. Mtu amejiunga na klabu ya jogging ya mtaani, kanunua raba safi, nyeupe, haina hata mkunjo. Jumamosi alfajiri katoka na wenzake, sare zimependeza, nyimbo zinaitikiwa, na kabla hawajafika nusu ya njia soli ya mbele imeshaanza kupiga makofi. Dada mmoja wa Mbagala, karani wa ofisi, alinitumia picha: soli imebaki barabarani nzima, na sponji iliyokuwa juu yake imemeguka kama andazi la juzi. Aliporudi dukani aliambiwa amekimbia vibaya.

Jibu hilo limenikera sana. Hakuna namna ya kukimbia inayomegua sponji ya kiatu kizima kwa asubuhi moja. Raba ile iliozea kwenye boksi, na aliyemuuzia angeligundua hilo kwa kuibonyeza tu.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi wala uzito. Saizi yako unaijua. Ongeza nusu namba kwa sababu mguu huvimba ukikimbia, basi. Ninachotaka tukiongee ni kitu ambacho wauzaji hawakigusi na wanunuzi hawakiulizi: soli hii ilitoka kiwandani mwaka gani?

Baina ya mpira unaokanyaga ardhi na kitambaa kinachoshika mguu kuna sponji, na mara nyingi ni ya EVA au ya poliuretani, aina mbili za plastiki. Poliuretani ni imara na inabeba uzito vizuri, lakini adui yake ni unyevunyevu. Mvuke wa hewani huingia ndani yake na kukata minyororo ya molekuli taratibu, mwaka hadi mwaka, na joto huharakisha kazi hiyo. Sasa fikiria stoo ya viatu ya Dar, Tanga au Mombasa: juu mabati, chini unyevu wa pwani, na kila kiatu kimefungwa kwenye nailoni. Kiatu hakijavaliwa hata siku moja, juu kinang'aa, ndani kimekwisha. EVA haimeguki namna hiyo. Yenyewe hukakamaa, ukikanyaga unasikia kama hakuna kitu kati yako na lami. Hata hivyo gundi inayoishikilia na soli mara nyingi nayo ni ya poliuretani, ndiyo maana hata raba yenye sponji nzima inaweza kukubandukia njiani.

Raba za mtindo ndizo zinazoumiza watu zaidi. Air Jordan 3 na 4, Air Max 90, New Balance za familia ya 990: hizo zina poliuretani kwenye sponji, na ndizo zinazopendwa kwenye belo za mtumba kwa sababu ya jina. Mtu anaona Jordan kwa Sh 60,000 anadhani kaokota dhahabu. Ikiwa ya miaka kumi na kitu, kanunua picha ya kiatu.

Namna ya kukagua ni rahisi, na haihitaji ruhusa ya muuzaji. Bonyeza sponji kwa kidole gumba pale kisiginoni. Iliyo hai inabonyea, halafu inarudi. Mikunjo midogo ya juu juu isikutishe. Ukiona ufa unaoingia ndani, unga umebaki kidoleni, au sponji inanata, rudisha kiatu mahali pake. Kisha kikunje pale vidole vinapokunjika, macho yako yakiwa kwenye mstari wa gundi. Gundi ya kiwandani haijionyeshi. Ukiona mstari unaong'aa, au wa njano, au umevuka mpaka na kupanda kwenye sponji, fundi kapita hapo na muuzaji anajua. Malizia kwa kukiweka juu ya meza na kukitazama kwa nyuma: kisigino kilicholala upande mmoja kimebeba mwendo wa mtu mwingine, na goti lako ndilo litakalolipa.

Halafu lebo. Vuta ulimi wa kiatu, ndani kuna lebo ndogo ya saizi. Adidas huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa, mfano 08/21. Nike kwa miaka mingi wameandika tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza kuzalisha. Kwa huku pwani mimi sivuki miaka minne. Lebo ikiwa imekatwa siulizi kwa nini, naondoka.

Sasa nizipange raba za kununua. Namba moja kwangu ni ASICS mpya, toleo lililopita. Nawapenda ASICS na sifichi. Kampuni hii ya Kobe, Japani, aliianza Kihachiro Onitsuka mwaka 1949, na jina la ASICS lilikuja mwaka 1977, likiwa ni herufi za mwanzo za msemo wa Kilatini unaomaanisha akili timamu ndani ya mwili wenye afya. Lakini mapenzi yangu yana sababu ya vitendo zaidi: raba zao hukuambia umri wake kwa jina. Gel-Kayano ya kwanza ilitoka mwaka 1993, na ya 30 ikatoka 2023. Matoleo yanafuatana karibu kila mwaka, kwa hiyo ukishikiwa Kayano 26 unapiga hesabu hapo hapo bila kutafuta lebo. Gel-Nimbus, raba yao nyingine, vilevile: ya 25 ilitoka 2023. Muuzaji hawezi kukudanganya kwa mambo yaliyo kwenye jina la kiatu.

Jambo la pili ni upana. Wengi wetu tumekua tukitembea peku na kwa kandambili, miguu imepanuka kwa mbele. ASICS hutengeneza baadhi ya raba kwa upana tofauti: kwa wanaume tafuta 2E, au 4E kama mguu wako ni mpana kweli, kwa wanawake D ndiyo pana. Mtu aliyezoea kununua saizi mbili juu ili kidole kidogo kipate nafasi atashangaa kuona kumbe alikuwa na saizi yake siku zote.

Si lazima uende mpaka Kayano, bei yake ni ya kuumiza. Anayefanya jogging Jumamosi na kutembea jioni mara mbili kwa wiki, GT-1000 inamtosha, na Gel-Cumulus ni nzuri mno kwa aliye mzito kidogo kama wengi tunaokaa ofisini kutwa. Pesa ikibana, Gel-Contend. Subiri toleo jipya litoke, kisha nunua la nyuma yake: kiatu kinabaki kilekile, bei inashuka, na umri bado mdogo.

Namba mbili ni ASICS ya mtumba yenye namba ya karibuni. Ndiyo, naiweka juu ya raba mpya za kampuni nyingine. Mchikichini pale Karume, au Memorial kwa walioko Moshi, Gikomba kwa jirani zetu wa Nairobi, nenda asubuhi belo likifunguliwa, maana raba za kukimbilia zilizotumika kidogo huchukuliwa mapema na wanaojua. Tazama soli kwa chini: raba ya kukimbilia kwa kawaida hutembea kilomita 500 hadi 800 kabla sponji haijachoka, na michoro ya soli inakuonyesha imekula kiasi gani. Michoro ikiwa imefutika kisiginoni, achana nayo hata kama juu ni mpya.

Namba tatu ni raba mpya za bei ya chini za kampuni kubwa, kama Adidas Runfalcon na Duramo au Nike Revolution. Ni viatu vya kawaida, vinafanya kazi, lebo zinasomeka. Sina la kuongeza.

Namba nne, Power za Bata. Bei rafiki, duka lina risiti. Kwa kutembea na jogging fupi zinatosha.

Kopi za Sh 25,000 sizipangi namba.

Kuna kundi linanipa wasiwasi kuliko hata kopi: wanaotafuta raba za mashujaa. Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathon kwa saa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019 akiwa na kiatu chenye bamba la kaboni ndani, na tangu hapo kila anayejiandikisha Kilimanjaro Marathon kwa mara ya kwanza anataka kiatu cha namna hiyo. Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya dunia ya marathon kutoka Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, nchi nzima ilitaka kukimbia, na mimi nilifurahi sana. Lakini viatu vya kaboni vimejengwa kwa mwendo wa kasi, sponji yake ni laini na ndefu, na huchoka mapema. Mtu anayekimbia pole pole huku anaitikia nyimbo hapati faida yake, na kifundo cha mguu kinayumba kila hatua. Pesa hiyo inanunua Cumulus na bado chenji inabaki.

Na si kila mchezo unataka raba ya kukimbilia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtu wa kazini hawezi kuzipata zote barabarani. Wanawake wa klabu nyingi siku hizi wanamalizia na rede, na wengine kuruka kamba. Ukivaa raba yenye kisigino kirefu cha sponji kwenye rede, pale unapokwepa mpira kwa kuruka pembeni, kifundo kinapinduka. Kwa rede vaa raba bapa yenye soli ya mpira, hata ya bei ndogo, mradi umeikagua gundi. Kwa kamba, sponji nene chini ya vidole ndiyo unayoitaka, kwa sababu unatua kwa mbele ya mguu.

Watu huniuliza kama fundi akishona soli tatizo limekwisha. Kama sponji ni ya EVA na kilichoachia ni gundi tu, ndiyo, uzi mzuri wa nailoni utakusogeza miezi. Kama sponji inameguka, uzi unaikata tu. Na usishone raba yenye puto la hewa kisiginoni, sindano italitoboa.

Sasa wauzaji. Ukipita Kariakoo kutafuta raba, winga anakudaka kabla hujafika mlangoni. Duka si lake, mzigo si wake, lakini bei unayoambiwa imeshabeba chake, na ukiuliza kiatu kimetoka lini anakujibu "orijino hiyo, dada". Orijino ya mwaka 2012 nayo ni orijino. Nao wa mitandaoni wanaweka picha nzuri kisha wanaandika "bei njoo inbox". Ukifika inbox wanaangalia kwanza picha yako ya wasifu ndipo wataje kiasi. Ukiomba wakupigie picha ya lebo ya ndani, wanakaa kimya. Nimeshaomba picha hizo kwa wauzaji wengi, na wanaozituma ni wachache mno. Hao wachache ndio ninaorudi kwao.

Risiti ndiyo inayonichosha zaidi. Imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", na wakati mwingine ndilo neno pekee linalosomeka juu ya karatasi. Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kumlinda mlaji na hukamata bidhaa bandia, lakini raba iliyooza si bandia, imezeeka tu, na mlaji anabaki na soli mkononi. Ningependa kuona lebo ya tarehe inalazimishwa kwa viatu kama ilivyo kwa maziwa.

Mpaka hapo, ukienda dukani nenda siku ya kazi asubuhi, mawinga wakiwa wachache. Winga akikudaka mwambie unaangalia tu, ingia mwenyewe, bonyeza sponji, kunja mbele, vuta ulimi usome lebo. Bei iulize ukishamaliza. Akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anaisubiri hiyo hiyo, mwachie huyo mteja.