Kupasha joto udongo wa grinihausi: mkeka wa umeme, waya, samadi au nailoni?

Haya wadau karibuni tena, leo tupo ndani ya grinihausi hapa Njombe, na mnaoniona nimevaa koti na kofia humu ndani msishangae, ni mwezi wa saba asubuhi na baridi ya huku wenyewe mnaijua. Maswali yamekuwa mengi, mtu anasema kaka nimesia hoho wiki ya tatu hii hazioti, nimeuziwa mbegu feki. Jamani kabla hujaenda kugombana na mwenye duka la pembejeo chukua kipimajoto ukichomeke kwenye udongo, siyo kukining'iniza hewani, kwenye udongo, sentimita tano chini. Hebu sogeza kamera hapa. Mnaona? Nyuzi 13. Mchana humu hewa inapanda mpaka 30, unaingia jasho linakutoka unasema grinihausi yangu ina joto bwana, kumbe udongo umepoa usiku kucha na mpaka uje uanze kupata joto jua limeshazama.

Sasa hoho kwenye nyuzi 15 inachukua kama siku 25 kuchomoza, kwenye nyuzi 25 ni siku 8 tu hivi. Nyanya kwenye 10 inaweza kukaa zaidi ya mwezi mzima, ukiipa 25 siku ya sita ishatoka. Na siku zote hizo mbegu imelala kwenye ubaridi na unyevu, ugonjwa wa kinyausi unajipigia tu, unakuta miche imekatika shingoni imelala chini. Halafu hata iliyoota, ukiona nyanya majani yanakuwa zambarau upande wa chini usikimbilie kununua DAP, ile mbolea ya fosforasi, mara nyingi fosforasi ipo humohumo kwenye udongo ila mizizi imepoa haiwezi kuinyonya.

Kwa hiyo leo nachambua vifaa na njia za kupasha udongo. Udongo eh, siyo hewa. Na wale wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya grinihausi usiku, hilo naliongelea mara moja tu: acheni. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu, umeingia alfajiri kukagua miche hutoki. Tena hata joto lenyewe linapanda juu kwenye nailoni linapotelea huko, chini mbegu hazijui kama kuna jiko.

Tuanze na hiki hapa, mkeka wa umeme wa kuoteshea. Mwembamba tu, unakunjika, ndani una waya zimepita huku na huku, juu wamefunika na plastiki isiyopitisha maji. Huu wa kukaa trei moja unakula wati 20 hivi. Piga hesabu, wati 20 saa 24 ni kama nusu uniti kwa siku. Sisi ambao LUKU inatukata kama shilingi 350 na kidogo kwa uniti, hiyo haifiki hata 200 kwa siku, na kama upo kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo ya shilingi 100 basi ni hamsini tu, ila angalia usivuke uniti 75 kwa mwezi maana ukizidisha wanakutandika. Mikeka kumi hapo ndo hesabu inabadilika.

Ubora wake, unaweka trei juu unachomeka umemaliza. Mapungufu yake: mingi haina kidhibiti joto, yaani haijui nyuzi ngapi, yenyewe inaongeza tu joto kama nyuzi 5 mpaka 11 juu ya lile lililopo. Kwa baridi ya Njombe usiku sawa kabisa, ila ikifika saa saba mchana grinihausi ina 30 na mkeka nao unaongeza, mbegu unazipika. Kwa hiyo nunua na thamostati, ndo hicho kidhibiti joto, yenye sensa, na ile sensa usiiache inaning'inia pembeni kama wengi wanavyofanya, ichomeke ndani ya trei, kwenye koko piti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa, usawa wa mbegu. Weka 25 sahau.

Kitu kingine kwenye mkeka, geuza nyuma soma hiki kibandiko. Umeandikwa voti ngapi? Mtandaoni inauzwa mingi ya soko la Marekani, ni ya voti 110 au 120, umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja unaungua, na ukinunua adapta ya plagi ile inabadilisha miguu tu haipunguzi umeme, msichanganye. Na chini ya mkeka weka kitu cha kuzuia joto lisishuke mezani, yale maboksi meupe ya kubebea samaki yanafaa sana, unakata mfuniko unatandika. Bila hivyo nusu ya hela yako unapashia meza.

Cha pili ni waya wa kupashia udongo. Huu sasa siyo wa trei, huu unauzika kwenye tuta. Unatengeneza boksi, chini ule ubao mweupe wa kuzuia joto, juu yake mchanga sentimita tano, unalaza waya unaenda unarudi kwa nafasi sawa, unafukia na mchanga tena, unaweka wavu wa kuku juu ili jembe au mkono usije ukaufikia, ndo unaweka udongo au unapanga trei. Kwa ubaridi wa huku lenga wati 100 mpaka 150 kwa mita moja ya mraba. Waya usipishane wenyewe kwa wenyewe, mahali unapogusana joto linajikusanya unaungua hapohapo. Na usiukate kuufupisha hata siku moja, urefu wake ndo unaoamua unakula umeme kiasi gani, ukiufupisha unakula zaidi na unaiva.

Wati 150 usiku wa saa 12 ni uniti 1.8, tuseme shilingi 640 kama unawaka muda wote, ila ukiwa na thamostati unawaka unazima, inashuka vizuri tu. Nikilinganisha, kwa mtu wa kitalu cha kibiashara, miche ya nyanya au hata parachichi za kubebesha, waya unaushinda mkeka mbali, joto linasambaa sawa tuta zima na kinadumu. Kwa mtu wa trei mbili tatu za nyumbani waya ni kujitafutia kazi. Ila aisee, umeme na maji kwenye udongo mmoja, fundi aweke ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, usilete habari ya ekstensheni ya kichina imelazwa kwenye tope.

Sasa mtasema umeme ukikatika je. Ndo nikaleta hii ya tatu, na mimi kwa kweli hii ndo naipenda kuliko zote. Samadi.

Njooni huku pembeni. Hili ni shimo, kina kama sentimita 60, ndani kuna mbolea ya kuku wa broila pamoja na maranda yake. Njombe maranda hayana shida, viwanda vya mbao kila kona. Hii kitu wala siyo mpya, wakulima wa mboga wa Paris karne ya 19 walikuwa wanalisha mji saladi kipindi cha baridi kwa samadi ya farasi iliyojazwa chini ya vitanda vyenye vioo juu, farasi wenyewe ndo waliokuwa wanavuta mabasi ya mjini. Sisi farasi hatuna, kuku tunao. Vijidudu vinavyoozesha vinapumua na kula, vinatoa joto. Vinataka vitu vitatu: unyevu, hewa, na mchanganyiko. Mbolea ya kuku tupu ina naitrojeni nyingi mno, inanuka amonia mpaka macho yanawasha, ukiongeza maranda au majani makavu ndo inakaa sawa. Unyevu wake, chukua kiganjani kamua, yatoke matone machache tu, yakichuruzika umezidisha.

Unajaza, unashindilia kidogo kwa miguu, siyo kama unatengeneza sakafu, unafunika. Ndani ya siku chache inapanda mpaka 60. Hapo ukiweka mbegu umechemsha. Subiri kama wiki, chomeka kipimajoto kila asubuhi, ikishuka ikakaa kwenye 30 hivi mwaga udongo sentimita 15 juu na usie, au panga trei zako. Hebu tazameni hii fimbo ya chuma niliyoichomeka jana, naichomoa... shika hapa, shika mwenyewe. Ina moto eh? Haijaguswa na umeme huo. Joto hilo linaenda wiki kadhaa, linapungua taratibu, na kwa miche ya nyanya hizo zinatosha, mpaka linaisha miche ishatoka na wewe umebaki na mboji ya kwenda shambani. Ubaya wake hakuna swichi. Ikizidi huwezi kupunguza zaidi ya kufunua na kuinua trei, na ukiharakisha kabla amonia haijaisha miche inaungua majani. Mtu asiye na uvumilivu anunue mkeka.

Nailoni za kutandaza juu ya tuta nitapita haraka. Watu wote wanakimbilia nyeusi wakidhani nyeusi ndo inapasha zaidi. Hapana, nyeusi inapata joto yenyewe na inaupa udongo kidogo, nyuzi 2 au 3, tena iwe imegusana na udongo vizuri. Ile inayoonyesha inapitisha jua moja kwa moja mpaka chini, inaongeza 4 mpaka 7 hivi. Tatizo magugu nayo yanafurahia. Kwa hiyo nyanya zilizoshapandwa weka nyeusi, ila kama unataka kupasha tuta wiki mbili kabla ya kupanda weka inayoonyesha halafu utoe.

Madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, watu wanayasifia sana. Pipa la lita 200 likishuka nyuzi 10 usiku linatoa joto la kama uniti 2.3 za umeme, siyo haba, ila linakwenda hewani zaidi kuliko chini. Mimi nayatumia kwa kazi nyingine, kumwagilia. Maji ya kisima ya baridi ukiyamwaga jioni umefuta joto lote la mchana, mwagilia asubuhi na maji yaliyolala kwenye dumu jeusi humu ndani.

Kuna walioniuliza mabomba ya maji ya moto, kama kule Naivasha Kenya ambako shamba la maua la Oserian lilichukua mvuke wa ardhini kupasha grinihausi zao za waridi. Ile ilikuwa hekta kama 50 na walikuwa na kisima cha mvuke, wewe una mita nane kwa kumi na tano. Ukiwa na hita ya jua ya paani iliyobaki sawa, pitisha bomba chini ya kitalu na kapampu kadogo, lakini kununua vyote vipya kwa ajili ya trei sita siwezi kukushauri.

Hizi trei za hoho hapa zimeshachomoza, kwa hiyo nazitoa kwenye mkeka leoleo, zikibaki kwenye 25 na mwanga wa huku ulivyo mdogo na mawingu haya zitarefuka kama uzi. Nazihamishia kwenye samadi iliyoshapoa, ile ya 18 hivi, na wale wa Makete na Kitulo mnaopigwa na sakitu nyie mnafunika na kitambaa cheupe usiku, asubuhi jua likitoka mnafunua. Maswali wekeni hapo chini, ila ukiuliza kwa nini haioti niandikie kwanza udongo wako una nyuzi ngapi.