Oili ya Trekta na Gari la Zamani: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Trekta la Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda 3 halihitaji oili ya bei kubwa. Linahitaji inayolifaa, na jibu liko nyuma ya dumu, si mbele penye picha ya trekta jipya. Soma uzito (SAE, kama 15W-40: namba ya W ni wepesi wa oili ikiwa baridi, ya pili ni uzito ikiwa ya moto) na herufi za API, yaani alama ya kiwango cha oili. Herufi zikianza na C, oili imepimwa kwa dizeli. Zikianza na S, ni ya petroli. Dumu lisilo na herufi hizo lirudishe rafuni, hata muuzaji aape vipi.

Ya kwanza: 15W-40 ya kawaida, isiyo sinthetiki, yenye herufi CF-4, CH-4 au CI-4. Asubuhi ya baridi Njombe au Uasin Gishu inapanda haraka hadi kwenye vali, na mchana injini ikiwa ya moto inabaki na uzito wa 40. Usisumbuke kutafuta CK-4. Hiyo ilikusudiwa injini zenye vichujio vya moshi kwenye ekzosi. Trekta la mwaka 1970 halina.

Wapo wanaoiogopa kwa kuwa "inasafisha mno". Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Injini iliyonyweshwa oili hafifu kwa miaka hujaa tope kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Oili nzuri hulimeng'enya, uchafu unasafiri, filta inaziba. Dawa si kurudi kwenye oili mbaya. Fungua sampu, ikwangue, osha chujio la waya la pampu ya oili, kisha badilisha oili na filta baada ya saa 20 za kazi, na tena baada ya saa 50. Ukishavuka hapo, kila saa 100 inatosha kwa injini kongwe.

Ya pili kwa trekta, lakini ya kwanza kwa gari la petroli la zamani: 20W-50. Kwa trekta, acha geji ya presha ya oili iamue. Perkins hiyo ikiwa ya moto na iko kazini, presha iwe kati ya psi 30 na 60. Ikishuka chini ya 30 ukiwa na 15W-40, na geji yenyewe ni nzima, 20W-50 itakuvusha msimu. Haitaponya beringi zilizolika. Inakununulia muda wa kutafuta vipuri. Angalia tu isiwe na S peke yake: iandikwe kwa mfano SL/CF.

Kwenye petroli shida ni kamshafti, mhimili unaofungua vali kwa kusukuma tapeti. Katika Volkswagen Beetle, tapeti inasuguana na kamshafti moja kwa moja, na kinachozuia chuma kula chuma ni zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Tangu kiwango cha SM cha mwaka 2004, fosforasi katika oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 imebanwa isizidi asilimia 0.08. 20W-50 haikubanwa hivyo. Land Rover Series za 2.25 zina rola kwenye tapeti, kwa hiyo hapo wasiwasi ni mdogo. Beetle inachukua lita 2.5 tu na haina filta, ina chujio la waya tu; mwaga kila kilomita 5,000 na usiongeze "kidogo cha akiba".

Ya tatu: SAE 40 yenye CD au CF. Kwa joto la Mbarali au Kilombero inafanya kazi vizuri. Nyanda za juu iache, maana asubuhi inachelewa kufika juu.

Ya nne: STOU, oili moja kwa injini, gia na haidroli. Inamfaa mwenye trekta moja na stoo ndogo. Usiichanganye na UTTO. Majina yanafanana, ila UTTO ni ya gia na haidroli, si ya injini.

Usinunue 0W-20 wala 5W-30 ya sinthetiki. Perkins nyingi za aina hii zina sili ya kamba nyuma ya krenki, na oili nyepesi hupenya hapo, ikaloweka klachi hadi inateleza. Oili ya kupima kwa chupa nayo iache: hujui ilikotoka.

Kabla ya kulaumu oili, vuta kijiti cha kupimia oili. Kiwango kikiwa kinapanda na kinanuka dizeli, mpira wa pampu ndogo ya dizeli ubavuni mwa injini umepasuka. Badilisha mpira kwanza.

Kwa trekta hili, nunua lita 7 au zaidi kidogo. Mwaga injini ikiwa ya moto, uiache dakika 20. Unapofungua bakuli la filta, chokoa pete ya zamani ya mpira mfereji mzima kwa bisibisi nyembamba, maana hung'ang'ania juu. Ukiweka mpya juu yake, bakuli litakaza vizuri, kisha litamwaga oili yote shambani. Jaza lita 6, vuta kizimio (cha kukata dizeli), zungusha staata sekunde 10 hadi mshale wa presha unyanyuke, ndipo uwashe. Izime baada ya dakika mbili, subiri tano, pima, ongeza hadi alama ya juu.