Mafuta ya mwarobaini kwenye haibiskasi yangu ya kwenye chungu: nyota 4 kati ya 5

Mwenzenu naishi Tabata, nyumba ya kupanga, bustani yangu yote ni baraza na vyungu tisa, na hiki cha haibiskasi nyekundu ndo roho yangu maana alinipa mama siku nahamia hapa, kilikuwa kijiti tu cha kupandikiza, sa hivi ni mti una shina moja na umenipita kiuno. Ni lile ua tulilokuwa tunalipasua shuleni kwenye bayolojia kuonyeshwa stameni na ovari.

Mwezi wa pili ukaanza kunyong'onyea. Majani yanageuka njano, vitumba vinadondoka havijafunguka, na pale jani linaposhikana na tawi kuna vitu vyeupe kama pamba, ukigusa vinanata, halafu sisimizi wanapanda na kushuka foleni mchana kutwa. Nikaenda kwa muuza miche mmoja huku barabarani akaniambia hiyo ni njaa tu, akaniuzia mbolea ya chumvichumvi na akasisitiza nimwagilie asubuhi na jioni. Haikupita wiki mbili majani yakaanza kukauka pembeni kama yamebabuliwa na moto. Niliumia jamani, nilikuwa natoka kazini naogopa hata kuangalia.

Dada wa nyumba ya jirani ndo akaniambia jaribu mafuta ya mwarobaini. Nikanunua duka la pembejeo, chupa ya ml 100 kwa elfu 8. Nilivyotumia ni hivi, maji lita moja ya uvuguvugu, mafuta kijiko kimoja cha chai, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nusu kijiko (bila sabuni mafuta yanaelea tu juu), unatia kwenye chupa ya kupulizia na unatikisa mara kwa mara unapopuliza. Kwanza nilisugua zile pamba kwa mswaki wa zamani, ndo nikapuliza, na hasa chini ya majani maana huko ndo hao wadudu weupe wanajificha. Puliza jioni jua likishazama, ukipuliza mchana majani yanaungua. Nilirudia kila baada ya siku 7, mara nne.

Wadudu hawafi siku hiyo hiyo, usikate tamaa. Mara ya pili walipungua, ya tatu hata sisimizi wakaacha kuja, kumbe walikuwa wanafuata ule utamu unaotolewa na wale weupe na ndo maana wanawalinda. Kwa wadudu mafuta haya nayakubali kabisa.

Ila njano haikuisha. Ndo nikaamua kuutoa mti kwenye chungu na hapo nikaelewa kila kitu. Mizizi imejiviringa duara kama kata ya kubebea ndoo, udongo wenyewe umebaki kidogo sana katikati, na juu kuna ukoko mweupe. Chumvi! Kwetu maji ya bomba ni ya zamu kwahiyo nilikuwa namwagilia ya kisima, na kisima chetu kina chumvi, halafu juu yake nikaongeza na ile mbolea.

Nikaichambua mizizi ya nje kwa vidole, nikahamishia chungu kilichozidi cha mwanzo kama vidole vinne kwa upana, chenye tundu chini, udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo ili maji yasituame. Matawi nilikwaruza gome kwa kucha, penye kijani ndani nikaacha, palipokauka kahawia nikakata, na yale mazima nikayapunguza kama theluthi moja maana haibiskasi inatoa maua kwenye tawi jipya. Mbolea sikugusa kabisa mpaka nilipoona majani mapya. Bahati nzuri masika ikawa imeanza, nikausogeza nje ya baraza mvua ikaosha ile chumvi yote, na nikawa nakinga ndoo mbili za mvua za kumwagilia, tena nachomeka kidole kwanza, udongo ukiwa mbichi siweki kitu.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu chupa haijaandikwa kiasi cha kuchanganya, mtu asiyejua atapuliza kavu kavu aue mmea wake, na harufu ni kali kama kitunguu saumu kilichochacha, usipulize nguo zikiwa kwenye kamba. Lakini bei ni ya haki, mpaka leo imebaki nusu.

Ua la kwanza lilifunguka katikati ya mwezi wa sita, kubwa kama kiganja. Haibiskasi ua lake ni la siku moja tu kwahiyo sikusubiri, saa moja asubuhi nikampigia mama kwa video kabla sijaenda kazini, akaniambia sogeza simu karibu nihesabu vitumba. Vilikuwa kumi na moja.